Mtoto wa Kike wa Dobi

Walimwita Wanga kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa dobi, na kola alizozitia wanga yeye zilisimama wima tangu asubuhi mpaka mwenye shingo achoke. Wageni wa nyumba ile waliolisikia jina kabla ya kumwona walidhani wametajiwa mchawi, na wapo waliokataa chumba kinachotazamana na ua. Yeye hakuhangaika kuwasahihisha. Alisema mtu anayekuogopa kidogo hakuulizi maswali mengi.

Alikuwa mtumwa, na mama yake aliyemfundisha kazi alikuwa mtumwa pia, ndivyo alivyojua. Nyumba ya Bwana wao ilikuwa na madirisha kumi na mawili mbele, na nyuma yake ua wa mawe wenye kisima, kamba tano za kuanikia, na chumba cha kufulia ambacho kuta zake zilikuwa na alama ya maji ya sabuni mpaka usawa wa kiuno. Humo ndimo alimolala yeye na dada yake. Dada alikuwa yaya. Alikuwa amewalea watoto wote wa Bwana na sasa anawapokea wajukuu. Walipishana miaka tisa. Mama yao alifariki Wanga akiwa na miaka minane, na tangu hapo Dada ndiye aliyemchana nywele, aliyemfinya akikosea, na aliyemfichia kipande cha mkate kwenye mfuko wa aproni.

Mikono ya Wanga ilisifika, hivyo Bwana alimkodisha kwa watu wengine, wakiwemo watu wa mahakama. Kila Jumatatu alipita mlango wa nyuma wa mahakama na kapu la majoho kichwani, akamkabidhi karani, akapokea nguo chafu, akaondoka. Karani alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye wino kwenye kucha na kikohozi cha vumbi. Miaka minne yote hawakuwahi kusemezana zaidi ya "umeamkaje" na "doa hili limekataa kutoka".

Jumatatu moja karani hakulipokea kapu.

"Mama yako naye alikuwa dobi?" aliuliza.

"Alikuwa."

"Alikuwa na kovu la pasi mkono wa kushoto? Refu, kutoka kwenye kiwiko mpaka hapa?"

Wanga alilitua kapu chini taratibu. Mama yake yuko kaburini miaka ishirini na mbili, na huyu mtu asiyewahi kumwona anamsimulia mkono wake.

"Kwa nini unauliza?"

Karani akaeleza. Mchwa wameingia kwenye kabati la madaftari ya zamani, na hakimu ameagiza yote yanakiliwe upya. Juzi yeye karani amefikia ukurasa unaoeleza kwamba Bi Mkubwa, marehemu mama yake Bwana, alifika mahakamani kutamka kwamba anamwacha huru dobi wake. Jina halikuandikwa, sifa tu, na kovu likiwemo. "Tarehe ipo," alisema karani. "Ni miaka thelathini na miwili iliyopita. Kama wewe umezaliwa baada ya hapo, umezaliwa na mwanamke huru. Na sheria inasema mtoto anafuata hali ya mama yake."

Mwingine angepiga magoti. Wanga aliokota kapu la nguo chafu, akauliza kama kuna joho lenye wino, akaenda zake.

Njiani alimgeuza karani kichwani upande huu na upande ule, vile anavyoigeuza nguo anapotafuta doa. Huyu anataka nini? Mtu wa mahakama haamki tu asubuhi akakupa kitu. Huenda Bwana amemtuma ampime, aone kama ana mawazo ya kuondoka. Huenda anatafuta mke wa bure. Huenda ukurasa wenyewe haupo, na akifungua mdomo tu ataambiwa amemkana bwana wake, apelekwe mashambani akavunjike mgongo. Wiki tatu alipeleka nguo bila kusema lolote. Wiki tatu karani naye hakugusia, na ukimya huo ukamtia shaka zaidi kuliko maneno.

Wiki ya nne alisema, "Nisomee."

Karani akamsomea. Wanga alikuwa na kichwa kinachohifadhi nguo za nyumba tisa bila kuziwekea alama, na mistari ile haikumpa shida. Akaomba nakala. Akaipeleka nakala kwa mwandishi wa barua aliyekaa nje ya posta, mtu asiyejuana na karani, akamwambia ni barua ya shangazi.

"Shangazi yako anaandika kiserikali," alisema yule mwandishi, lakini akaisoma. Maneno yalikuwa yaleyale.

Haikumtosha. Akaipeleka kwa mke wa muuza dawa, ambaye Wanga alikuwa akimfulia mapazia. Mama huyu alisoma haraka haraka, na katikati Wanga akamzuia.

"Hapo umeruka."

Mke wa muuza dawa akarudi juu, akaona kweli ameruka mstari. Akamtazama juu ya miwani. "Kumbe unajua kusoma?"

"Sijui. Najua umeruka."

Hata hivyo, akiwa anarudi nyumbani, alijiambia kwamba yote haya yanaonyesha tu kuwa karani ameandika alichokisema. Hayaonyeshi kuwa daftari nalo linasema hivyo. Alibaki mtu mmoja tu wa kumuuliza.

Walikuwa wakikunja mashuka alasiri ile, yeye na Dada, kila mmoja na ncha zake mbili.

"Dada, mama aliachwa huru?"

Mikono ya Dada haikusimama. Alisogea mbele, wakakutana katikati ya shuka, akazichukua ncha kwenye vidole vya mdogo wake.

"Nani kakuambia?"

Wanga alikuwa amejiandaa kwa hapana. Alikuwa amejiandaa hata kwa kicheko. Kwa jibu hilo hakuwa amejiandaa.

"Kwa hiyo unajua."

"Kunja vizuri," alisema Dada. "Upande wako unaning'inia."

Akachukua rundo la mashuka akaingia ndani. Tangu siku hiyo Wanga alianza kumtazama dada yake kwa pembe ya jicho. Alimsikiliza anavyopumua. Aliangalia anaongea na nani pale jikoni na anaongea kwa sauti gani. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Dada alikuwa na miaka saba siku ile ya daftari, kwa hiyo ukurasa ule haukumhusu. Alizaliwa mama akiwa bado mtumwa. Wawili wa tumbo moja, wanalala chumba kimoja, mmoja ana haki ya kutoka na mwingine hana. Na huyo asiye na haki ndiye aliyekuwa akijua, miaka yote hiyo, akachana nywele na kunyamaza. Wanga alitafuta neno jingine la kuliita jambo hilo, akaona linalofaa ni wivu.

Jumatatu iliyofuata alimwachia karani kapu kama kawaida, lakini badala ya kurudi kwa mlango wa nyuma alizunguka mbele, akapanda ngazi, akasimama kwenye foleni ya wenye mashauri. Shingo ya hakimu aliijua kuliko mke wake alivyoijua; uso ndio alikuwa hajawahi kuuona vizuri. Alisema neno kwa neno yale aliyoyashika, kisha akaongeza, "Naomba daftari lenyewe liletwe. Si nakala."

Daftari likaletwa, limeliwa pembeni, ila mistari ilikuwapo. Hakimu akaamuru kwamba mpaka shauri liishe asirudi kwa Bwana wala asihamishwe mjini. Akawekwa kwa mjane mmoja mshonaji, nyumba ya nyuma ya mahakama.

Siku za kwanza hakula kwa mjane isipokuwa mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe, maana yai haliwezi kutiwa kitu bila ganda kuonyesha. Mshonaji alivumilia siku nne.

"Mwanangu," alisema akiwa na pini mdomoni, "mimi nashika sindano na mikasi tangu asubuhi mpaka jioni. Ningetaka kukudhuru ningehangaika na mchuzi kweli?"

Wanga alifikiria hilo, akaona lina maana. Siku hiyo alikula, ila alisubiri mwenye nyumba aanze.

Wakili aliyepewa na mahakama alikuwa kijana mwenye koti lililompwaya mabegani. Wanga ndiye aliyemhoji kwanza, kabla hajahojiwa yeye.

"Bwana unamfahamu?"

"Tunasalimiana tu."

"Mnasalimiana vipi?"

Wakili akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaeleza jinsi wanavyosalimiana. Ndipo Wanga akakubali kukaa.

Baada ya wiki mbili wakili alikuja na habari mbaya. Bwana ameleta kitabu cha nyumbani, kile ambacho marehemu mama yake alikuwa akiandika vizazi vya watumwa wa nyumba. Kuna mstari unaosema: *Mtoto wa kike wa dobi, amezaliwa leo.* Tarehe yake ni miaka saba kabla ya mama kuachwa huru.

"Huyo ni Dada," alisema Wanga.

"Bwana anasema ni wewe. Anasema una miaka thelathini na tisa, ila Mungu kakujalia sura changa. Na dada yako si dada yako. Alinunuliwa mnadani akiwa mtoto mdogo, akapewa mama yako amlee."

"Mimi sikuandikwa?"

"Hukuandikwa popote. Nitasema Bi Mkubwa hakukuandika kwa sababu hukuwa wake. Lakini wao watasema hukuandikwa mara ya pili kwa sababu ulishaandikwa mara ya kwanza." Alivua miwani akaifuta. "Shauri lote linamngoja mtu mmoja aseme alizaliwa au alinunuliwa. Na Bwana amemwita yeye kuwa shahidi wake."

Siku mbili baadaye, Wanga akiwa dirishani kwa mshonaji na pasi mkononi, alimwona Dada akitoka ofisi ya wakili wa Bwana, ng'ambo ya barabara. Alikuwa amevaa viatu. Katika mji ule mtumwa alitembea peku, na fundi viatu hakumpima mtu mguu kabla ya kumuuliza yeye ni nani. Wanga alisimama mpaka akasikia harufu ya nguo inayoungua.

"Labda amepewa tu," alisema mshonaji.

"Viatu havitolewi tu."

Alimvizia sokoni. Dada alikuwa mbele ya meza ya vitunguu, na msimamizi wa nyumba ya Bwana alikuwa hatua tano nyuma yake akijifanya anachagua vya kwake. Wanga aliwaona wote wawili, akahesabu kwamba wamekuja pamoja.

"Umevaa viatu," alisema.

"Vinabana."

"Utasema nini mahakamani Alhamisi?"

"Nitajibu nitakachoulizwa." Dada aliweka kitunguu kwenye kikapu, akachukua kingine. "Umekonda. Huli?"

"Nakula ninachokiona kikipikwa."

Dada akamtazama kidogo, akalipa, akaondoka. Msimamizi akamfuata.

Wanga alikwenda moja kwa moja kwa wakili. "Mkatae asisimame. Wamemnunua."

"Tukimkataa hatuna shahidi mwingine hata mmoja."

"Afadhali tusiwe naye. Mimi nimeishi naye miaka thelathini. Namjua."

"Basi niambie atasema nini," alisema wakili.

Dada akabaki kwenye orodha.

Alhamisi chumba cha mahakama kilijaa. Bwana alikaa benchi la mbele, na kola yake ilikuwa imelala upande mmoja. Dobi mpya hakujua kazi. Wanga aliona hilo akapata nguvu kidogo. Dada alipoitwa aliingia peku. Wakili wa Bwana akamtazama miguuni, akasita, kisha akaanza.

"Waeleze watu jinsi ulivyofika katika nyumba ya Bwana."

"Nilizaliwa humo."

Wakili akatabasamu, akidhani shahidi amechanganyikiwa. "Nakuuliza jinsi ulivyonunuliwa."

"Sikununuliwa. Nilizaliwa kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya pipa la majivu. Aliyeandikwa kwenye kitabu ni mimi."

Minong'ono ikazuka. Hakimu akagonga meza, akamwambia Dada aendelee mwenyewe bila kuulizwa.

"Bi Mkubwa alipomwita mama siku ile, nilikuwa nimeshika sketi yake," alisema Dada. Sauti yake ilikuwa ileile ya kumhadithia mtoto anayekataa kulala. "Sketi ilikuwa imelowa, alikuwa ametoka kwenye beseni. Akaambiwa, kuanzia leo unaweza kwenda unakotaka. Mama akauliza, na huyu? Bi Mkubwa akasema huyu hapana, huyu ni fungu la kijana wangu, ndiye Bwana huyu. Mama akasema asante. Akarudi kufua, maana mashuka yalikuwa bado majini. Huyu mdogo wangu amezaliwa baada ya mvua mbili. Mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga. Nilianguka njiani, alama ninayo hapa gotini."

Wakili wa Bwana akabadilisha njia. "Kama unayajua haya, mbona miaka yote hukumwambia huyo unayemwita mdogo wako?"

Kalamu ya karani ilimsubiri Dada hewani.

"Angeondoka," alisema. "Mama alikuwa huru akabaki chumba kile mpaka akafa, kwa ajili yangu. Bi Mkubwa alipokufa, Bwana akamhesabu mama pamoja na sisi, na mama hakubisha, aliogopa wasije wakamtoa nje mimi nikabaki ndani. Huyu sikuwa na hakika naye. Nilijiambia, siku akijua, atatoka mlangoni na mimi nitabaki na nepi za watu."

Hakumtazama Wanga aliposema hivyo. Wanga naye alitazama sakafu. Alikuwa amemshuku kweli, na alikuwa amepatia. Na huku amepatia, mwanamke huyohuyo alikuwa amesimama pale akimfungulia mlango.

Hukumu ilitoka baada ya siku tatu. Wanga alikuwa huru na alikuwa huru tangu kuzaliwa. Aliomba asomewe hati mara mbili na karani, kisha akaipeleka posta kwa mwandishi wa barua, ambaye safari hii hakuuliza habari za shangazi.

Dada alimkuta kwenye ngazi za mahakama. Msimamizi alikuwa langoni akimngoja.

"Alikuahidi nini?" aliuliza Wanga.

"Hati. Niseme nilinunuliwa, anipe hati kama yako. Aliandika kabisa. Niliiona, ina muhuri mwekundu. Viatu vilikuwa malipo ya mwanzo."

"Hujui kusoma, Dada. Huenda iliandikwa upuuzi mtupu."

"Huenda."

"Bwana haaminiki. Ungesema uongo, na hati usingepata."

"Huenda," alisema Dada tena, akashuka ngazi.

Jumatatu iliyofuata, akipokea majoho, sasa kwa kazi yake mwenyewe, Wanga alimsimulia karani. Karani akasema kuna namna ya kujua. Hati ya kumwacha mtu huru haiwi na nguvu mpaka iletwe mahakamani, na kama Bwana aliileta, hata kama aliiondoa baadaye, itakuwa imeandikwa siku ilipoingia. Akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Acha," alisema Wanga.

"Ni dakika moja tu."

"Nimesema acha. Hiyo sitaki kusomewa."

Maana alijua, na hakumwambia mtu, kwamba alikuwa akiomba hati ile iwe ya uongo. Ikiwa ya kweli, basi Dada alikuwa ameushika uhuru mkononi akauweka chini ili amwokotee mdogo wake wa kwake, na Wanga hakujua mtu anaishi vipi na kitu cha namna hiyo.

Bwana hakumpiga Dada. Alijua mahakama inamtazama. Alimtoa kwa wajukuu akamweka chumba cha kufulia, yeye ambaye hakuwahi kuinyoosha hata leso. Wanga alikodi chumba mtaa wa pili, akaweka pasi nne na meza ndefu. Mara mbili alikwenda mahakamani kuuliza kama kuna njia ya kumtoa dada yake, mara mbili akaambiwa mstari wa kitabu uko wazi na shahidi mwenyewe ndiye aliyeuthibitisha. Walionana sokoni, wakaulizana habari za afya.

Miaka kumi na mmoja ilipita ndipo sheria ikabadilika na watu wote wakaachwa huru kwa tangazo moja lililobandikwa ukutani mwa posta. Dada alifika adhuhuri ya siku ya pili, na furushi chini ya kwapa. Alisimama mlangoni. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na mikono imechunwa na sabuni.

"Wamekutuma?" aliuliza Wanga.

"Nani wa kunituma tena?"

Wanga akaondoa rundo la mashati kwenye kiti. Dada akakaa, akatazama kola zilizopangwa mezani, akasema, "Miaka kumi na mmoja nimejaribu kutia wanga. Nguo zinatoka kama mbao au kama matambara."

"Maji yako ni ya moto mno."

"Hukuwahi kunifundisha."

"Hukuwahi kuuliza."

Walifanya kazi pamoja katika chumba hicho miaka mingi. Majirani waliwazoea wakibishana kuhusu namna ya kukunja mashuka. Wateja waliomwogopa Wanga walipitia kwa Dada, na waliotaka kumdanganya Dada walimkuta Wanga amesimama nyuma yake. Mara moja moja, hasa siku za mvua nguo zinapokataa kukauka na hakuna la kufanya, Wanga alimuuliza dada yake kitu kilekile.

"Una kinyongo na mimi?"

"Sina."

Wanga alimtazama kwa pembe ya jicho, kisha akainama kupuliza makaa ya pasi.